Mgonjwa asiachiwe kazi ya kufukuza madirisha simuni

ILIKUWA yapata saa tatu za usiku, stima zimepotea mtaani kama kawaida yetu, wakati mtoto wa miaka miwili alipoifikia chupa ya soda iliyokuwa imewekwa chini ya meza. Ndani hamkuwa na soda. Mlikuwa na mafuta ya taa.

Mamake, ambaye ni jirani yangu katika mtaa mmoja wa Eastlands jijini Nairobi, alipofaulu kumpokonya chupa hiyo, mtoto alikuwa amekwisha kumeza funda moja au mawili na alikuwa akikohoa sana. Mama huyu alifanya jambo ambalo wengi wetu, mpenzi msomaji, hulifanya siku hizi hata kabla ya kubisha mlango wa jirani. Alitwaa simu yake, akaandika swali, akafungua ukurasa wa kwanza aliouona.

Jibu lilikuwamo. Nimeusoma ukurasa huo mwenyewe baadaye, na katika mstari wa nne umeandikwa waziwazi kwamba mtoto aliyekunywa mafuta ya taa hafai kutapishwa. Lakini mama hakuufikia mstari wa nne. Lilitokea dirisha, likaufunika ukurasa wote, likampongeza kwa kujishindia simu mpya. Alibonyeza alama ya kulifunga iliyokuwa kwenye pembe. Kumbe haikuwa alama ya kufunga bali picha yake tu, na mara likafunguka dirisha la pili, jekundu, la kumwonya kwamba simu yake imeingiwa na virusi. Alipojaribu kurudi nyuma, la tatu likamwuliza iwapo angependa kupashwa habari na tovuti hiyo kila siku. Akabonyeza ndiyo, ili limwondokee.

Hatimaye aliitupa simu kitandani, akafanya kama alivyomwona nyanyake akifanya zamani kijijini: maziwa, kisha kidole kooni, mpaka mtoto akatapika.

Hatari kubwa ya mafuta ya taa si tumboni, ni mapafuni. Mtoto anapotapika, mafuta hupanda tena hadi kooni, na kiasi kidogo tu kikiteremkia njia ya pumzi chaweza kusababisha nimonia. Kwa hivyo wataalamu wa tiba hushauri asitapishwe kamwe, avuliwe nguo zilizolowa mafuta, apanguswe mdomo na ngozi, na apelekwe hospitalini mara moja hata kama anaonekana mzima. (Kata kipande hiki ukibandike jikoni ikiwa nyumbani kwako mna mtoto na chupa ya mafuta.) Mtoto wa jirani yangu alilazwa siku tano. Alipona, na siku hizi hupiga mpira mlangoni kwangu wakati ninapotaka kulala.

Sisemi ni dirisha lile lililomwumiza mtoto. Chupa iliwekwa mahali pabaya, na mama mwenyewe anakiri hivyo. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo hapo awali niliona ni la mafundi wa kompyuta tu, wala si la ukurasa wa afya. Je, programu tunazotumia kufungulia mtandao, hizi Chrome, Firefox, Opera na Safari, ambazo wataalamu wa lugha huziita vivinjari, zinafaa kuyazuia madirisha haya tangu mwanzo, bila mwenye simu kuguswa wala kuulizwa? Au zimwachie kila mtu ajilinde awezavyo?

Jawabu langu ni kwamba ziyazuie. Tena zizuie na ndugu zake wote wapya, ambao nitawataja hapa chini. Nitakueleza sababu zangu, nawe uzipime.

Kwanza yafaa ujue madirisha haya yalikotoka, maana hayakuteremka kutoka mbinguni. Katika miaka ya 1990 kulikuwa na kampuni ya Marekani iliyoitwa Tripod, ambayo iliwapa watu nafasi ya kuweka kurasa zao mtandaoni bure na kujilipa kwa matangazo. Mteja mmoja, kampuni ya magari, alighadhibika kuona tangazo lake limetokea katika ukurasa wenye mambo ya aibu. Ndipo mfanyakazi mmoja wa Tripod, Ethan Zuckerman, alipobuni njia ya kulitoa tangazo ndani ya ukurasa na kulifungulia dirisha lake lenyewe, ili lisionekane kuwa na uhusiano na yaliyoandikwa pale. Mwaka wa 2014 Bw Zuckerman aliandika katika jarida la The Atlantic akiomba radhi. Alieleza kwamba nia yao ilikuwa njema.

Zingatia hapo, msomaji. Dirisha hili halikubuniwa kwa ajili ya msomaji hata siku moja. Lilibuniwa ili kumtuliza mwenye tangazo.

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 mambo yalikuwa yameharibika kabisa. Wale waliokuwa wakilipa kwa dakika katika vibanda vya intaneti vya Nairobi na Mombasa watakumbuka jinsi dakika mbili nzima zilivyoweza kuisha ukifunga madirisha ya michezo ya kamari na kamera za ulinzi, huku saa ya mwenye kibanda ikihesabu tu. Opera, kampuni ya Norway, ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuweka kizuizi ndani ya programu yake. Mozilla ilifuata mwaka wa 2002.

Kisa cha Netscape mwaka huo huo hunichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Toleo lake la 7.0 lilitengenezwa kwa kutumia kazi ya Mozilla, kizuizi kikiwa tayari kimo ndani, lakini kilipowafikia watu kilikuwa kimeondolewa. Netscape ilikuwa mali ya kampuni ya AOL, ambayo ilikuwa ikiuza matangazo ya aina hiyo hiyo. Watu walipiga kelele, na kufikia Desemba 2002 toleo la 7.01 lilitoka likiwa na kizuizi chake. Kisha mnamo Agosti 2004 Microsoft iliitia Internet Explorer kizuizi kupitia marekebisho makubwa ya Windows XP, na ikakiacha kikiwa kimewashwa. Hapo mchezo wa zamani ulikwisha. Siku hizi vivinjari vyote vikubwa huyazuia madirisha ya namna hiyo tangu unapoviweka kwenye simu.

Utauliza basi, ikiwa yanazuiwa, yale ya jirani yangu yalipenyea wapi?

Yalipita mlango wa nyuma. Kizuizi hukataa dirisha linalojifungua lenyewe, lakini hukubali lile unaloonekana kulifungua wewe kwa kidole chako. Lazima iwe hivyo, la sivyo usingeweza kufungua dirisha la kulipia tiketi. Walaghai wameijua siri hiyo. Huweka kitufe kisichoonekana juu ya ukurasa mzima, au hukuchorea alama bandia ya kufunga, ili mguso wako wa kwanza, popote utakapogusa, uhesabike kuwa ni idhini. Wengine wameacha kabisa kufungua dirisha jipya. Huchora kisanduku ndani ya ukurasa ule ule, kikafunika maandishi, na kizuizi cha zamani hakioni la kuzuia. Halafu kuna lile ombi la kukutumia arifa. Ukikubali mara moja tu, tovuti hupata njia ya kukufikia hata ukiwa umekwisha kuondoka kwake, saa sita za usiku, na tangazo la dawa ya kisukari isiyojulikana ilikotengenezwa.

Sasa tuje kwenye afya, maana ndiyo kazi ya ukurasa huu.

Mwaka wa 2014 ulichapishwa utafiti wa wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Michigan State na wenzao. Waliwapa watu 300 kazi ya kompyuta yenye hatua zinazofuatana, kisha wakawa wanawakatiza kwa muda mfupi sana. Kukatizwa kwa takriban sekunde 2.8 tu kulitosha kuongeza makosa maradufu. Walipokatizwa kwa sekunde 4.4, makosa yakawa mara tatu. Walikuwa wameketi, hawaumwi popote, na hakuna mtoto aliyekuwa akikohoa kando yao. Miaka sita kabla, mwaka wa 2008, Bi Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, na wenzake walikuwa wamegundua jambo jingine: wanaokatizwa kazini aghalabu huifidia kwa kufanya haraka zaidi, lakini hulipia kwa fadhaa na uchovu wa akili.

Mtu anayesoma juu ya ugonjwa wake hana akiba ya utulivu ya kupoteza. Nimepata barua nyingi za wasomaji kwa miaka mingi (pale mtaani huniita “daktari” kwa sababu ya ukurasa huu, ingawa sijawahi kumdunga mtu sindano), na karibu kila anayeandika ameanza kwa kutafuta simuni. Hutafuta usiku. Hutafuta akiwa na hofu ya uvimbe alioupapasa bafuni, au akingoja majibu ya maabara kesho yake. Macho yake ni ya mtu mzima aliyesahau miwani, na simu yake ina kioo kilichopasuka. Huyu ndiye tunayemwambia atofautishe alama ya kweli ya kufunga na alama bandia.

Mfikirie pia asiyeona, ambaye husomewa skrini na programu maalum. Dirisha likizuka, sauti huacha sentensi katikati na kuanza kumsomea tangazo, naye hana pembe ya kuitazama ili ajue yuko wapi. Kuna na wenye kifafa. Kanuni za kimataifa za kurahisisha matumizi ya mtandao kwa wenye ulemavu, zilizotolewa mwaka wa 2008, zinataka kitu chochote kwenye ukurasa kisimemeteke zaidi ya mara tatu kwa sekunde moja, kwa kuwa mmemeteko waweza kuamsha kifafa kwa baadhi ya watu. Sijui kama wenye dirisha jekundu la virusi walizisoma.

Lakini kuna dhara moja ambalo watu huwa hawalifikirii, nalo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Onyo likirudiwa mno, hufa.

Hospitali za nchi zilizoendelea zilijifunza hili kwa njia ya uchungu. Zilipoanza kutumia kompyuta kuagizia dawa, mashine ilifundishwa kumfungulia daktari kisanduku cha onyo kila alipokaribia hatari: dawa hizi mbili hazipatani, mgonjwa huyu ana mzio, kipimo kimezidi. Wazo lilikuwa zuri. Mwaka wa 2006 watafiti wa Uholanzi walipokusanya tafiti mbalimbali za jambo hilo, walikuta kwamba madaktari walikuwa wakiyapuuza maonyo 49 hadi 96 kati ya kila 100. Mengi hayakuwa na maana kwa mgonjwa aliyekuwa mbele yao, na kidole kilikuwa kimezoea kuyafunga.

Daktari Robert Wachter wa San Francisco ameeleza katika kitabu alichokitoa mwaka wa 2015 yaliyompata kijana wa miaka 16 katika hospitali moja ya mji huo mwaka wa 2013. Kijana huyo alihitaji kidonge kimoja cha dawa ya kuua viini. Kwa kosa la kuchanganya vipimo katika kompyuta, aliandikiwa vidonge 38 na nusu. Kompyuta ilitoa onyo kwa daktari, akalifunga. Ikatoa kwa mfamasia, naye akalifunga. Onyo lenyewe lilifanana na mengine yote waliyokuwa wameyafunga siku hiyo. Kijana alivimeza vyote, akapatwa na degedege kali. Alinusurika.

Ikiwa daktari aliyesomea kazi yake huzoeshwa kufunga visanduku bila kusoma, wewe nami tutaponea wapi? Kila dirisha la uongo linaloruhusiwa kuruka kwenye kioo cha simu linatufundisha kidogo kidogo kwamba kinachoruka ni upuzi. Siku litakaporuka la kweli, benki ikikuonya au simu yenyewe ikikutaka uiwekee kinga mpya, kidole kitakuwa kimekwisha kulifunga kabla ya jicho kusoma. Wapo na wale ambao huzoea kinyume, wakaamini kila wanachoambiwa. Mwaka wa 2008 tume ya serikali ya Marekani inayolinda wanunuzi, FTC, ilizishtaki kampuni zilizokuwa zikiwatisha watu kwa madirisha ya virusi visivyokuwepo ili ziwauzie dawa ya kompyuta. Walionunua walizidi milioni moja. Na miaka mitano kabla ya hapo, mnamo 2003, tume hiyo hiyo ilikuwa imeipeleka mahakamani kampuni moja ya California ambayo ilimimina madirisha kwenye kompyuta za watu, matangazo yenyewe yakiwa ya programu ya kuzuia madirisha! Ni kama mtu akumwagie mbu chumbani kisha abishe mlango akiuza neti.

Wanaopinga wana hoja zao, na si zote za kupuuzwa.

Husema matangazo ndiyo yanayolipia habari za bure. Ni kweli, na mimi ni mtu wa mwisho wa kubisha, kwani hata gazeti ulilolishika mkononi linakula kwa matangazo. Lakini tangazo la gazeti limetulia mahali pake. Halijakunjuka likakuziba macho ulipokuwa ukisoma tanzia ya mjomba wako. Hakuna anayetaka matangazo yafe. Tunakataa tangazo linalomshika msomaji shati. Wenye tovuti wengine walilitambua hilo mapema bila kulazimishwa: iVillage, tovuti ya kina mama wa Marekani iliyokuwa na kurasa nyingi za afya, ilitangaza mwaka wa 2002 kwamba itaacha sehemu kubwa ya madirisha hayo kwa kuwa wasomaji wake waliyachukia.

Husema tena kwamba yapo madirisha yenye kazi: la malipo, la kuchapishia majibu ya maabara, la kuzungumza na mhudumu wa kliniki. Hili nalikubali kabisa, na mimi mwenyewe nimewahi kukaa robo saa nikilaani mashine ya zahanati kwa kukataa kunionyesha majibu, kumbe ni kizuizi kilichokuwa kikifanya kazi yake. Lakini kuzuia si kuua. Kivinjari kinapozuia dirisha hukuonyesha kijitangazo kidogo kwamba kimezuia, na ukitaka unaliruhusu kwa tovuti hiyo moja tu. Kwa hivyo anayelihitaji hugusa mara moja. Bila kizuizi, asiyelihitaji hugusa mara arubaini. Mzigo wapi uwe mwepesi?

Hoja ngumu zaidi niliipata kwa muuguzi mmoja rafiki yangu. Alisema, “Je, dirisha likiwa la kuokoa maisha? Mtu anasoma juu ya maumivu ya kifua, ukurasa umrukie umwambie aache kusoma aende hospitalini sasa hivi.” Nilikaa na swali hilo siku kadhaa. Mwishowe nimeona kwamba neno la kuokoa maisha mahali pake ni juu kabisa ya ukurasa, kwa herufi kubwa, kabla ya neno jingine lolote, ambapo hakuna kizuizi kitakacholigusa wala kidole kitakacholifunga kwa mazoea. Ule ukurasa wa mafuta ya taa ungeliweka “usimtapishe” kuwa mstari wa kwanza, pengine mtoto yule asingelazwa. Nimwambie hivyo na mwenye ukurasa: hata wewe ulikuwa na lako la kujibu.

Na hoja ya mwisho, ambayo huwa ninaisikia kwa vijana wanaojua kompyuta, ni kwamba kila mtu ajifunze kujilinda, mipangilio ipo. Hii ndiyo inayonichosha. Msomaji, jikoni kwako mna chumvi. Kwa miaka mingi sheria ya Kenya imetaka chumvi ya mezani itiwe madini ya ayodini ili watu wasiugue rovu na watoto wasizaliwe na akili iliyodumaa. Hakuna mama aliyewahi kusimamishwa dukani akaulizwa kama angependa kinga ya rovu, kisha akaonyeshwa mahali pa kubonyeza. Inakuja imo. Tungeliacha jambo hilo mikononi mwa kila mnunuzi, waliosoma na wenye nafasi wangelijikinga, na walio wengi wangebaki na shingo zilizovimba. Watu wengi huiacha simu ilivyokuja kutoka dukani hadi siku inapoharibika. Ndiyo maana namna inavyokuja ni suala la afya ya umma.

Sheria yetu wenyewe imekwisha kulikubali wazo hili mahali pengine. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inataka, katika kifungu cha 41, kwamba habari za mtu zilindwe tangu jinsi chombo kinavyoundwa na kinavyopangwa mwanzoni. Idhini nayo, kwa mujibu wa sheria hiyo, inapaswa kuwa wazi, ya hiari, na ya mtu anayefahamu anachokubali. Mama anayebonyeza “ndiyo” ili dirisha limwondokee amekubali nini?

Wenye vivinjari wamepiga hatua, lakini kwetu huwa hazifiki kwa wakati. Chrome ilianza kuondoa matangazo katika tovuti zinazokiuka kanuni za matangazo ya heshima, yakiwemo visanduku vinavyofunika ukurasa wa simu, tarehe 15 Februari 2018. Walioanza kufaidi walikuwa wa Amerika Kaskazini na Ulaya. Mkenya alisubiri hadi tarehe 9 Julai 2019, karibu miezi 17, ndipo kinga hiyo ikaenezwa ulimwenguni kote. Sioni kwa nini chanjo ya simu nayo lazima ianzie huko.

Kuhusu maombi ya arifa, Mozilla ilieleza mwaka wa 2019 kwamba maombi 99 hivi kati ya 100 hayakubaliwi na watu. Mwezi wa Januari 2020 ikaifanya Firefox iyafiche maombi hayo, na Chrome ikaanza kuyapunguzia kelele majuma machache baadaye. Ningelitaka waende mbali zaidi. Kitu kinachokataliwa na watu 99 kati ya 100 hakifai kuulizwa kwa kuziba njia, bali kikae pembeni kimngoje yule mmoja akitafute. Visanduku vinavyofunika maandishi kabla mtu hajasoma sentensi moja vingezuiwa vivyo hivyo, hasa kwenye simu, ambako kisanduku kimoja ni kioo kizima. Na watengenezaji wa simu za bei nafuu, ambao aghalabu hutia kivinjari chao wenyewe ndani ya simu, wangedaiwa kinga ile ile wanayopewa wenye simu za laki moja. Bodi ya Dawa na Sumu ina wajibu wa kukagua matangazo ya dawa humu nchini, lakini haiwezi kulifukuza kila dirisha linaloruka usiku kutoka nchi isiyojulikana. Kivinjari kinaweza.

Juma lililopita nilimtembelea jirani yangu, nikamwomba simu. Tulifungua mipangilio ya kivinjari, tukaenda sehemu ya mipangilio ya tovuti, tukatazama penye madirisha ibukizi na penye arifa. Haikuchukua hata dakika kumi. Tovuti zilizokuwa na ruhusa ya kumtumia arifa zilizidi ishirini: za kamari, za mikopo, ya dawa ya kupunguza tumbo, na mbili zilizoandikwa kwa herufi ambazo hatukuweza kuzisoma.

“Daktari, ni nani aliyewaruhusu hawa wote?” akauliza.

“Ni wewe, Mama Junior.”

“Mimi? Lini?”

Nilimkumbusha usiku ule wa stima kupotea. Alinyamaza kidogo, tukaziondoa zote moja moja. Kisha akaniomba nimtafutie tena ule ukurasa wa mafuta ya taa, ausome mpaka mwisho.